Miaka Kumi na Sita ya Deke Slayton

Mwezi Agosti 1959, kwenye kituo cha Jeshi la Wanamaji la Marekani huko Johnsville, Pennsylvania, rubani wa miaka 35 alibandikwa nyaya kifuani, akangoja zamu yake ya kuzungushwa. Mbele yake palikuwa na mashine yenye mkono wa chuma wa mita 15 na kijumba cha kukalia mwishoni. Mkono ule ukishika kasi, aliyemo ndani huhisi mwili ukizidi uzito mara kadhaa, jinsi utakavyozidi siku roketi itakapompaisha. Nyaya zilikuwa za kipimo cha umeme wa moyo, ile ECG tunayoijua hospitalini. Dkt. William Douglas, daktari wa wanaanga, aliitazama karatasi ya kipimo, akaona mapigo hayafuatani sawasawa. Mwenye moyo hakuhisi lolote.

Rubani huyo alikuwa Donald Slayton, ambaye wenzake walimwita Deke. Miezi minne kabla ya hapo, Aprili 1959, shirika la NASA lilikuwa limemtangaza kuwa mmoja wa watu saba wa kwanza watakaopelekwa anga za juu na Marekani. Karatasi ya Johnsville ndiyo iliyomfanya awe wa mwisho kati ya hao saba kufika huko. Wenzake wote sita walitangulia. Mmoja wao alikanyaga mwezi, mwingine alifia kazini, mwingine akaingia siasa na kuwa seneta. Slayton alingoja hadi Julai 1975.

Katika kazi ya urubani hakuna ofisi inayoogopwa kama ya daktari. Mhandisi au mwalimu akiugua, hutibiwa na kurudi kazini. Rubani akiugua, au karatasi ikisema kwamba huenda anaugua, hupoteza cheti cha afya, na leseni yake bila cheti hicho haimrushi popote. Kila miezi kadhaa huingia chumba cha daktari akiwa na kazi, na hawezi kutoka mle na zaidi ya alichoingia nacho. Anaweza kutoka nacho, au akatoka bila. Katika historia nzima ya suala hili sijaona maisha yanayolieleza vizuri kuliko ya Slayton, kwa kuwa yeye alikutana na kipimo kilichosema kweli lakini kikamzuia isivyo lazima, na miaka mingi baadaye akakwepa bila kujua kipimo ambacho kingemzuia kwa jambo lisilo na madhara.

Alizaliwa 1924, akakulia shambani karibu na Sparta, jimbo la Wisconsin. Akiwa na miaka mitano hivi, mashine ya kukatia majani ilimkata kidole cha pete cha mkono wa kushoto. Vita Kuu ya Pili ilipoanza alitaka kuwa rubani, na hapo ndipo kidole kile kilipoweza kumkatia ndoto mapema kabisa. Bahati yake ni kwamba kanuni za jeshi zilikihesabu kidole hicho kuwa ndicho pekee ambacho rubani angeweza kukikosa na bado akaruka. Kingekatika cha jirani yake, tusingemjua leo. Alirusha ndege za mabomu aina ya B-25 Ulaya, mara 56, kisha akapelekwa upande wa Japani. Baada ya vita alisomea uhandisi, akarudi jeshini na kuwa rubani wa majaribio, wale wanaokabidhiwa ndege ambayo bado haijulikani itafanyaje ikiwa hewani.

Ili kuelewa kwa nini mistari michache ya wino ilikuwa na nguvu kumshinda mtu wa namna hiyo, inabidi turudi nyuma hadi Vita Kuu ya Kwanza. Ndege zilikuwa changa, na marubani walikufa kwa wingi. Madaktari wa majeshi walijiuliza wangapi kati yao waliangushwa na adui na wangapi waliangushwa na miili yao wenyewe: macho mabovu, masikio, usingizi, pumzi fupi. Mwanzoni mwa 1918 daktari wa Jeshi la Marekani, Theodore Lyster, alifanikisha kufunguliwa kwa maabara ya utafiti wa afya ya marubani huko Mineola, Long Island. Hapo ndipo Marekani ilipoanza kuwajenga madaktari ambao kazi yao ni kumlinda rubani na abiria wake. Walifanya mema mengi. Lakini kutoka siku zile za mwanzo, pamoja na vipimo vilivyofaa, vilikuja pia vipimo vilivyoaminiwa kabla havijathibitishwa.

Kilichowatesa vijana wengi kilikuwa kiti cha kuzungushwa. Mtahiniwa aliketi, akazungushwa mara kumi ndani ya sekunde ishirini, kisha kiti kikasimamishwa ghafla. Macho ya mtu aliyezungushwa hucheza yenyewe kwa muda, yakivutwa upande mmoja na kurudi. Madaktari walihesabu sekunde hadi yatulie. Kawaida, walisema, ni sekunde 26; ukizidi au ukipungua kwa zaidi ya sekunde kumi, huna sikio la kuruka. Ilionekana kuwa sayansi safi, yenye saa na nambari. Kasoro yake ilijitokeza walipopimwa watu waliozoea kuzunguka: kadiri mwili unavyozoea mizunguko, macho hutulia mapema zaidi. Maana yake ni kwamba rubani mzoefu, aliyepinduka hewani mara mamia, angeweza kushindwa mtihani ambao kijana asiyewahi kupanda ndege angeufaulu. Nambari ilikuwa ya kweli. Maana iliyopewa ndiyo iliyokuwa na makosa.

Kiti hicho hicho kilizaa mojawapo ya habari njema chache katika historia hii. Mwaka 1926, kwenye uwanja wa Crissy Field mjini San Francisco, rubani wa jeshi William Ocker alikwenda kupimwa afya kwa Dkt. David Myers. Alifungwa macho, akazungushwa taratibu, akaulizwa anaelekea wapi. Alikosea. Kiti kilipopunguza mwendo alisema kimesimama. Kiliposimama akasema kinazunguka upande mwingine. Mtu aliyekuwa na miaka mingi ya kuruka alijikuta anaonekana mbele ya daktari kuwa hajui kushoto wala kulia. Angeweza kuondoka kwa aibu na kungoja barua ya kusimamishwa. Badala yake alikwenda kuchukua kifaa kidogo cha kuonyesha ndege inapogeuka, akakitia ndani ya kisanduku pamoja na tochi, akarudi kukaa kwenye kile kiti akiwa anachungulia kisandukuni. Safari hii alijibu sawa kila mara.

Myers alikuwa daktari wa kweli, kwa kuwa alikubali kufundishwa na mgonjwa wake. Wawili hao walitambua kwamba kiti hakikuwa kimegundua ugonjwa wa Ocker. Kilikuwa kimegundua hali ya binadamu wote: mtu asiyeona upeo wa macho hawezi kuliamini sikio lake, awe bingwa au mwanafunzi, na ndani ya wingu anapaswa kuamini vifaa. Kutokana na jambo hilo yakaanza mafunzo ya kuruka bila kuona nje, na Ocker na rubani mwenzake Carl Crane wakaandika kitabu cha kuyafundisha mwaka 1932. Kila ndege inayotua leo Nairobi au Dar es Salaam katikati ya mvua ya masika inanufaika na mtihani ule ambao rubani mmoja aliufeli.

Slayton hakupata daktari mwenye uhuru wa namna hiyo.

Ugonjwa wake unaeleweka kirahisi. Moyo una vyumba vinne. Viwili vya juu husukuma damu kwenda viwili vya chini, na kwa kawaida husukuma kwa mpigo mmoja uliopangika. Kwa Slayton, mara kwa mara vyumba vya juu vilitetemeka ovyo badala ya kupiga, na vya chini vikafuata bila mpangilio. Hali hiyo ilikuja, ikakaa saa kadhaa au zaidi, ikatoweka yenyewe. Madaktari hawakupata chanzo: mishipa haikuonekana na hitilafu, valvu zilikuwa nzima, shinikizo la damu halikuwa na neno. Aliendelea kukimbia na kufanya mazoezi, na ndani ya mashine ya kuzungusha alistahimili uzito kama wenzake. Wakubwa wa tiba wa Jeshi la Anga walilichunguza jambo hilo na kuafiki kwamba anafaa kuruka, na kwa zaidi ya miaka miwili aliendelea na mafunzo akiwa mwanaanga kamili.

John Glenn aliizunguka dunia tarehe 20 Februari 1962. Anayefuata alikuwa Slayton, na chombo chake alikuwa ameshakichagulia jina, Delta 7. Lakini si madaktari wote waliokuwa wameridhika. Larry Lamb, mtaalamu wa moyo wa Jeshi la Anga, aliamini kuwa mtu mwenye mapigo yale hapaswi kupewa chombo kinachobeba mtu mmoja, na maoni yake yalimfikia Waziri wa Jeshi la Anga, Eugene Zuckert. Faili lililokuwa limefungwa likafunguliwa upya. Jopo la jeshi likasema tena kwamba anafaa. Zuckert hakutosheka, akawaita wataalamu watatu wa moyo wenye majina makubwa: Proctor Harvey, Thomas Mattingly na Eugene Braunwald.

Jibu lao linastahili kusomwa polepole. Walisema hawana uhakika kama hali ile ingemdhuru akiwa angani au la. Lakini kwa kuwa wapo wanaanga wengine wasio na hali hiyo, basi arushwe mmoja wao. Katikati ya Machi 1962 Slayton aliondolewa kwenye safari, wiki chache kabla ya kuruka. Scott Carpenter alipewa nafasi, na tarehe 24 Mei akaenda.

Sitaki kuwaonea madaktari wale watatu. Kwa kiti kimoja, katika safari moja, mbele ya dunia nzima iliyokuwa ikitazama, jibu lao lilikuwa la busara. Kama moyo ungetetemeka wakati wa kurudi ardhini na chombo kikapotea, hakuna ambaye angekubali kwamba hivyo viwili havikuhusiana. Kosa lilifuata baadaye. Uamuzi uliohusu kiti kimoja ukageuka kuwa hukumu juu ya mtu. Mwezi Juni 1962 alipelekwa Boston kwa Paul Dudley White, daktari aliyemtibu Rais Eisenhower moyo, naye akashauri vivyo hivyo. Baada ya hapo Jeshi la Anga likamkataza hata kurusha ndege za jeti peke yake. Lazima akae na rubani mwingine. Mtu aliyekuwa akijaribu ndege mpya sasa alihitaji msimamizi ili kuruka ndege alizozijua tangu zamani. Wala hakuna aliyemwambia ni kipimo gani akikipita, na mwaka gani, jambo hilo litatazamwa upya.

Angeweza kuondoka akiwa na uchungu. Wenzake sita walitaka abaki, tena awe kiongozi wao. Septemba 1962 akakabidhiwa kusimamia shughuli za wanaanga, na 1963 akajiuzulu Jeshi la Anga na kubaki NASA kama raia. Kwa miaka iliyofuata, mtu asiyeruhusiwa kwenda angani ndiye aliyeamua nani aende. Orodha ya safari za Gemini na Apollo ilipita mezani pake, ikiwemo ile iliyomweka Neil Armstrong mbele ya ngazi ya kushukia mwezini.

Kwenye ofisi ya jirani alikuwako mwingine aliyezuiwa. Alan Shepard, Mmarekani wa kwanza kwenda anga za juu, alipatwa na kizunguzungu kikali na mlio masikioni mwaka 1963. Ulikuwa ugonjwa wa Ménière, wa maji ya sikio la ndani, na kwake kipimo hakikukosea hata kidogo: mtu anayeangukia ukuta wa chumbani hawezi kurusha chombo. Alipoteza nafasi ya kuongoza safari ya kwanza ya Gemini yenye watu. Mwaka 1968 alikwenda kimyakimya kwa daktari wa masikio William House mjini Los Angeles, akaandikishwa hospitalini kwa jina la bandia, akafanyiwa upasuaji ambao wakati huo bado ulikuwa wa kubahatisha. Mei 1969 akarudishiwa ruhusa. Februari 1971 akatembea mwezini akiwa na miaka 47. Jina lile la bandia linanisikitisha kila ninapolifikiria. Mtu mashuhuri kiasi kile alijificha ili atibiwe, kwa kuwa alijua tiba yenyewe ingeweza kuandikwa kama ushahidi dhidi yake.

Slayton naye hakukata tamaa. Aliacha sigara, akapunguza kahawa na pombe, akaongeza mazoezi, akameza vitamini. Mwaka 1970 alianza kuona kwamba moyo hautetemeki tena. Ulipita mwezi, ikapita miezi, ukawa mwaka. Akaenda Mayo Clinic, Minnesota, ambako madaktari walipitisha mrija mwembamba hadi kwenye moyo na kuitazama mishipa yenyewe kwa picha, jambo lililokuwa gumu zaidi kufanya mwaka 1962. Mishipa ilikuwa safi. Tarehe 13 Machi 1972 NASA ikatangaza kwamba Deke Slayton amerudishiwa ruhusa kamili ya kuruka. Ilikuwa imepita miaka kumi, kasoro siku chache.

Miezi mitatu baada ya tangazo hilo, ng'ambo ya Atlantiki, kipimo cha moyo kilifanya kosa la upande wa pili. Tarehe 18 Juni 1972, ndege aina ya Trident ya shirika la BEA, safari namba 548, iliondoka Heathrow kuelekea Brussels. Nahodha alikuwa Stanley Key, mwenye miaka 51, rubani mzoefu mwenye cheti halali cha afya. Kabla ya safari alikuwa na ugomvi mkali na mwenzake katika chumba cha marubani kuhusu mgomo uliokuwa ukipangwa. Muda mfupi baada ya kupaa, mwendo wa ndege ulishuka chini ya ulivyopaswa kuwa, na vipande vya mbele vya mabawa vinavyosaidia ndege kuelea ikiwa na mwendo mdogo vikarudishwa ndani mapema mno. Ndege ikaanguka karibu na mji wa Staines. Watu wote 118 walikufa.

Uchunguzi wa mwili wa nahodha ulionyesha mishipa ya moyo iliyoziba vibaya kwa miaka mingi, na mchaniko mpya ndani ya mshipa uliotokea si zaidi ya saa mbili kabla ya kifo. Inaelekea alikuwa na maumivu kifuani wakati ndege ikipanda, ilhali aliyekaa pembeni yake alikuwa kijana mgeni kazini. Vipimo vya kawaida vya ECG alivyopimwa akiwa hai havikuwa vimeonyesha hatari hiyo. Ziweke karatasi hizi mbili pamoja: ya Slayton ilikuwa chafu na moyo ukawa salama kwa miaka, ya Key ilipita na moyo ulikuwa ukifa. ECG ya mtu aliyetulia kitandani huandika umeme wa moyo kwa muda mfupi. Haioni ndani ya mishipa, wala haijui kesho. Kila daktari wa moyo anajua hivyo, lakini muhuri unapogongwa, karatasi huonekana kujua kila kitu.

Safari ya Slayton ilikuja mwishoni mwa zama za Apollo. Marekani na Umoja wa Kisovyeti zilikubaliana kuunganisha vyombo vyao angani, na mwanzoni mwa 1973 akatajwa pamoja na Thomas Stafford na Vance Brand. Alijifunza Kirusi akiwa na karibu miaka hamsini. Tarehe 15 Julai 1975 roketi ilimpaisha, naye akiwa na miaka 51, umri ule ule aliofia nahodha Key. Hakuna mtu aliyekuwa amewahi kwenda anga za juu akiwa mkubwa kuliko yeye. Siku mbili baadaye walikutana na wanaanga wa Kisovyeti Aleksei Leonov na Valeri Kubasov, mikono ikashikana kupitia mlango wa kuunganishia. Kifua chake kilibandikwa nyaya tena, safari hii angani, nao moyo ulifanya kazi yake.

Hatari ilikuja wakati wa kurudi, na haikutoka moyoni. Tarehe 24 Julai, chombo kikiwa kinashuka kwa miavuli, gesi ya sumu ya kemikali za injini iliingia ndani kwa kuwa swichi fulani hazikuwashwa kwa wakati. Brand alizimia kwa muda mfupi. Wote watatu walipelekwa hospitali ya jeshi mjini Honolulu, na kwa kuwa walivuta sumu, wakapigwa picha za mapafu.

Kwenye picha ya Slayton palikuwa na doa katika pafu la kushoto. Lilidhaniwa kuwa saratani. Mwezi Agosti alipasuliwa kifua huko Houston, na ikathibitika kwamba ni uvimbe usio na madhara. Ndipo madaktari waliporudia picha zake za kabla ya safari, wakaona kwamba doa lilikuwepo humo tangu mwanzo na lilipita bila kutambuliwa. Lingetambuliwa, angeondolewa. Hakuna kamati ambayo ingemrusha mtu mwenye kivuli kwenye pafu, na muda wa kupasua, kusubiri majibu na kupona usingetosha. Angekuwa amesubiri miaka 16, akaishia chini kwa sababu ya doa ambalo halikumdhuru. Alisafiri kwa kuwa aliyeisoma picha alipitiwa. Mfumo unaohitaji bahati ya namna hiyo ili kumtendea mtu haki una upungufu.

Alistaafu NASA 1982 na kufariki Juni 1993, kwa saratani ya ubongo. Mwaka huo huo, rubani mwingine mkongwe wa Marekani alikuwa amekalishwa chini kwa vipimo.

Bob Hoover wa Nashville alikuwa amewahi kutunguliwa kusini mwa Ufaransa 1944, akakaa kwenye kambi ya mateka ya Wajerumani, akatoroka na kuiba ndege ya adui. Mwaka 1947 Chuck Yeager alipovunja kizuizi cha sauti, Hoover alikuwa rubani wake wa akiba na alimfuata hewani. Baadaye akawa maarufu kwa maonyesho ambamo alizima injini zote mbili za ndege yake aina ya Shrike Commander, akapinduka, akatua, akaserereka hadi mahali pake pa kuegesha. Juni 1992 wakaguzi wawili wa mamlaka ya anga, FAA, walimwona kwenye onyesho la Oklahoma City. Miezi ilipita, kisha wakaandika kwamba uwezo wake umeshuka. Alikuwa na miaka 70. Alitakiwa apimwe akili na kumbukumbu, na baadhi ya majibu yakatafsiriwa kuwa ubongo umedhoofika. Cheti kikachukuliwa.

Wataalamu wengine walimpima wakasema yuko sawa. Jaji wa kwanza aliyesikiliza shauri alimpa haki. Bodi ya juu yake ikaigeuza hukumu, na mahakama hazikumsaidia. Australia ilimpima kwa utaratibu wake, ikampa leseni, akafanya maonyesho huko huku nyumbani akihesabiwa kuwa hafai. Oktoba 1995 FAA ilimrudishia cheti. Aliendelea na maonyesho kwa miaka kadhaa na kufa 2016 akiwa na miaka 94. Ubongo uliosemekana umechoka 1992 ulikuwa umemtosha.

Kutokana na kisa chake, Bunge la Marekani liliweka kifungu katika sheria ya mwaka 2000: rubani anayenyang'anywa hati kwa amri ya dharura anaweza ndani ya saa 48 kuiomba bodi huru iamue kama kweli kuna dharura, nayo bodi ina siku tano za kujibu. Kwa Hoover haikurudisha kitu. Kwa waliomfuata, angalau saa ilianza kuhesabiwa upande wa mamlaka pia.

Huku kwetu Kenya, Tanzania na Uganda, marubani hupimwa na madaktari walioidhinishwa na mamlaka za usafiri wa anga, kwa viwango vya Kiambatisho cha 1 cha Mkataba wa Chicago wa usafiri wa anga wa kimataifa. Rubani wa biashara hupimwa angalau mara moja kwa mwaka, na umri ukisogea, mara mbili katika mazingira fulani. Kiambatisho hicho kina kipengele ambacho kila rubani angepaswa kukijua: asiyefikia kiwango fulani bado anaweza kupewa leseni, iwapo wataalamu waliotambuliwa wataamua kwamba hali yake, pamoja na ujuzi na uzoefu wake, haihatarishi usalama. Kwa maneno mengine, sheria yenyewe imekubali kwamba nambari haitoshi.

Usalama wa abiria hauna mjadala. Tarehe 24 Machi 2015 rubani msaidizi wa Germanwings aliyeficha ugonjwa wa akili aliipigiza ndege mlimani Ufaransa, wakafa watu 150. Lakini tukio lile linatufundisha hatari ya kuficha, na kuficha huzaliwa na hofu. Utafiti wa marubani 3,765 wa Marekani uliochapishwa 2022 ulikuta kwamba zaidi ya nusu wamewahi kukwepa matibabu au kuficha jambo kwa kuogopa kupoteza cheti. Anayeogopa daktari haji mapema, na ugonjwa unaopimwa ukiwa umechelewa ndio unaoua abiria.

Kwa hiyo ninaziomba mamlaka zetu jambo moja. Siku rubani anaposimamishwa kwa kipimo, aandikiwe siku hiyo hiyo ni kipimo gani kingine kitathibitisha au kukanusha jibu la kwanza, nani asiye na upande atakayekisoma, na tarehe gani shauri litatazamwa upya. Slayton aliondoka mbele ya madaktari wake mwaka 1962 bila hata moja kati ya hayo matatu, ndiyo maana ilimchukua miaka kumi kurudi.